Degedege la Watoto: Yaliyojulikana kwa Panya na Yatupasayo Sisi

Maradhi yanayomtisha mzazi si lazima yawe ndiyo yanayoua zaidi. Mzazi aweza kumtazama mwanawe akikonda mwezi mzima wala asishtuke. Lakini mtoto huyo huyo akikakamaa ghafula usiku, macho yakapinduka juu, meno yakaumana na viungo vikatukutika, nyumba nzima huamka kwa kilio. Hilo ndilo degedege. Huku kwetu Rugu, katika wilaya ya Karagwe, ni vigumu kumpata bibi asiyekwisha kulishuhudia, kwa kuwa sisi tu watu wa mkoa wa Kagera, na Kagera ni katika mikoa ya Tanzania ambayo malaria imekita mizizi. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2007–08 uliwakuta watoto wadogo kama 41 katika kila 100 wa mkoa huu wana vijidudu vya malaria damuni. Kwa vyandarua na kunyunyiza dawa majumbani hesabu hiyo ilishuka sana. Hata hivyo uchunguzi wa mwaka 2022 uliikuta ingali karibu 18 katika 100. Basi homa bado ni mgeni wa kila nyumba, na degedege hufuata nyuma ya homa.

Nia ya makala haya ni kueleza, kwa lugha ya nyumbani, mambo ambayo wataalamu wameyapata juu ya degedege, na mengi katika hayo waliyapata kwa kuwachunguza watoto wa panya. Msomaji atauliza: Panya na mwanangu, wapi na wapi? Swali hilo ni zuri, nalo litajibiwa mahali pake.

Dhana za Watu

Wazee wa pwani husimulia habari za ndege au mdudu wa usiku, ambaye akimpitia mtoto kwa kivuli chake, mtoto hupatwa na mtukutiko. Mwaka 1996 wachunguzi waliokwenda wilaya ya Bagamoyo waliandika kwamba wazazi wengi walilihesabu degedege kuwa ni ugonjwa mbali na malaria, na kwamba dawa yake ya kwanza iko kwa mganga: kufukizwa moshi, hata wa kinyesi cha tembo, na kuogeshwa kwa majani. Waliandika tena kwamba watu waliogopa sindano, wakisema kuwa mtoto mwenye degedege akidungwa hufa.

Wala si ajabu dhana hiyo kuzuka. Mtoto akicheleweshwa siku mbili kwa moshi na majani, kisha akafikishwa hospitali roho i kooni, akidungwa sindano na kufa saa ile ile, watu husema sindano ndiyo iliyoua. Hawaihesabu ile siku ya kwanza wala ya pili. Kumbe muuaji alikuwa ni ucheleweshaji. Ama dua ya mzazi kwa mwanawe, hiyo haina mshindani wala haimzuii mtu kwenda hospitali; mwenye kuomba na aombe njiani, huku miguu ikienda.

Degedege ni Nini?

Ubongo wa mtu hufanya kazi kwa umeme mdogo mno upitao katika mishipa ya fahamu. Katika hali ya uzima umeme huo hupita kwa utaratibu, kila fungu kwa zamu yake. Degedege ni utaratibu huo kuvunjika: mafungu mengi ya ubongo hutoa umeme kwa pamoja, na mwili ukatukutika pasipo hiari ya mwenyewe. Ubongo wa mtoto mchanga haujakomaa, na kwa hiyo huvurugika upesi zaidi kuliko wa mtu mzima.

Ziko aina mbili ambazo yatupasa tusizichanganye. Ya kwanza ni degedege linaloletwa na homa yenyewe, iwe ya mafua, ya masikio au ya ugonjwa mwingine usioingia ubongoni. Hili huwapata watoto wa tangu miezi 6 hata miaka 5, na katika nchi za Ulaya na Marekani huwapata watoto 2 hadi 5 katika kila 100. Aghalabu hukatika lenyewe kabla ya dakika 5. Kiasi cha theluthi moja ya watoto hao hupatwa tena mara nyingine, lakini walio wengi hukua salama. Wanaokuja kuwa na kifafa baada ya degedege fupi la namna hii ni mmoja au wawili tu katika mia.

Aina ya pili ni degedege la malaria kali, au la homa ya uti wa mgongo. Hili ni jambo jingine kabisa. Katika kituo cha utafiti cha Kilifi, nchini Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1989, wataalamu waliwapima watoto wa malaria waliokuwa wakitukutika mbele yao hospitalini. Katika taarifa yao ya mwaka 1996 walieleza kwamba zaidi ya nusu ya mitukutiko hiyo ilitokea hali joto la mwili li chini ya digrii 38. Maana yake ni kwamba malaria yaweza kuuvuruga ubongo wa mtoto hata pasipo joto kali. Kwa hiyo mama wa Karagwe asiseme, "Mwili wake si moto sana, hili si la malaria." Kwetu sisi degedege lolote lihesabiwe kuwa huenda ni la malaria mpaka damu ipimwe.

Kwa Nini Panya?

Hakuna tabibu mwenye haki ya kumpandisha mtoto wa mtu homa ili atazame degedege lake. Wala haiwezekani kuufungua ubongo wa mtoto aliye hai ili kujua kilichoharibika. Ndipo wataalamu walipomgeukia mtoto wa panya, kwa sababu ubongo wa panya wa siku 10 au 11 unakaribiana kwa ukuaji na ule wa mtoto wetu anyonyaye.

Mwaka 1997 Tallie Baram na wenzake, huko California nchini Marekani, walitangaza njia yao: waliwapulizia watoto wa panya hewa ya moto kwa kipimo, mpaka joto la miili yao likafikia la homa kali, na degedege likatokea. Kwa njia hiyo wakaweza kuuliza swali ambalo kila mzazi huliuliza: Je, degedege huacha kovu?

Jibu walilolipata lina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa faraja: katika watoto wa panya waliotukutishwa hata kwa dakika 20 na zaidi, seli za ubongo zilionekana zimejeruhiwa, lakini hazikufa. Upande wa pili ni wa tahadhari: walipowaacha panya hao wakakua, na wakawapima kwa vyombo, karibu theluthi moja walikuwa wamekwisha kupata kifafa. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2006. Basi seli haikufa, lakini tabia yake iligeuka.

Tena mwaka huo huo wa 2006, wataalamu wengine, Sebastian Schuchmann na wenzake, waligundua jambo la ajabu. Mtoto wa panya akipashwa joto huhema upesi upesi. Kwa kuhema sana hupoteza hewa ya kaboni iliyo damuni, damu ikabadilika, na hapo degedege likaanza. Walipompa hewa iliyotiwa kaboni kidogo kwa kipimo cha sehemu 5 katika 100, degedege lilikatika. Msomaji asije akalichukua jambo hili akamfunika mwanawe mdomo au gubigubi! Hewa ile ilipimwa kwa mitambo. Kumfunika mtoto ni kumnyima pumzi, na kumfukiza moshi chini ya blanketi ni kumwongezea msiba juu ya msiba.

Je, mambo ya panya yanapatana na ya binadamu? Katika Marekani watoto waliopatwa na degedege la homa la nusu saa na zaidi walipigwa picha za ubongo, na taarifa ikatolewa mwaka 2012. Katika watoto 191, watoto 22 walionekana na dalili za kudhurika katika sehemu ya ubongo itunzayo kumbukumbu, iitwayo hipokampasi. Katika watoto 96 waliopatwa na degedege la kawaida, hakuonekana hata mmoja. Hapo panya na binadamu wametoa ushahidi mmoja: hatari kubwa ya degedege la homa ni urefu wake.

Kutu ya Ubongo

Sasa tuulize: urefu hudhuru kwa njia gani? Hapa pana elimu inayostahili kufahamiwa na kila kijana.

Seli hula sukari na kuiunguza kwa oksijeni, kama jiko linavyounguza mkaa, ili zipate nguvu. Jiko lenyewe ni kijumba kidogo ndani ya seli, kiitwacho mitokondria. Hakuna jiko lisilotoa cheche. Cheche za jiko hili ni vipande vya oksijeni visivyotulia, ambavyo hukamata chochote kilicho karibu na kukiharibu: mafuta ya ngozi ya seli, protini, hata maandishi ya urithi. Ni jambo la namna ya kutu ilayo chuma, kwani kutu nayo ni kazi ya oksijeni. Mwili mzima una walinzi wa kuzizima cheche hizo, na mmoja mashuhuri huitwa glutathioni. Cheche zikizidi walinzi, hali hiyo wataalamu huiita mkazo wa oksidi.

Basi fikiri juu ya ubongo katika degedege. Seli zote zafanya kazi kwa pamoja pasipo kupumzika. Jiko lapulizwa kwa nguvu, mkaa watiwa bila kipimo, na cheche zaruka pande zote. Dakika moja au mbili walinzi huzimudu. Lakini zikipita dakika nyingi walinzi huchoka, na cheche hulirudia jiko lenyewe na kulitoboa. Jaroslava Folbergrová na wenzake katika mji wa Prague waliwachukua panya wa siku 12, wakawatukutisha kwa dawa, si kwa joto, na mwaka 2007 wakaeleza kuwa sehemu ya kwanza ya mtambo wa mitokondria ilikuwa imedhoofika, na kwamba kisababishi kilikuwa cheche hizo za oksijeni. Zamani ilidhaniwa kuwa ubongo mchanga hausumbuliwi sana na jambo hili. Uchunguzi huo ulionyesha kuwa nao hausalimiki.

Na katika malaria kali mkazo huu huja kwa mlango mwingine pia. Kijidudu cha malaria hula wekundu wa damu na kuacha masalio yenye chuma, na chuma hicho huzidisha cheche. Huku mishipa midogo ya ubongo imezibwa na seli zilizoshikwa na ugonjwa, na sukari ya damu imepungua. Mtoto wa namna hiyo akitukutika muda mrefu, huwa mkaa wake umekwisha na jiko linawaka. Ndiyo sababu saa za mtoto wa malaria ni chache kuliko za mwingine.

Moto Huo Huo ni Dawa

La ajabu ni kwamba binadamu amejifunza kumpiga adui kwa moto huu huu. Mwaka 1971 Tu Youyou wa China alitoa katika mmea wa artemisia dawa iliyowaponya panya na nyani waliotiwa malaria. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakaijaribu katika miili yao wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Dawa hiyo ikikutana na chuma kilicho ndani ya kijidudu, hupasuka na kutoa cheche zinazomuunguza kijidudu huyo. Humo ndimo yalimotoka artesuneti ya sindano na dawa mseto tunayopewa katika zahanati.

Na faida yake si maneno matupu. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2010, watoto 5,425 wa malaria kali katika nchi 9 za Afrika, pamoja na wa Muheza na Korogwe hapa Tanzania, waligawanywa: wengine wakapewa kwinini, wengine artesuneti. Waliopewa kwinini walikufa 10.9 katika kila 100. Waliopewa artesuneti 8.5, na mitukutiko yao ilikuwa michache zaidi. Enyi mnaoogopa sindano, tazameni: sindano hiyo ndiyo iliyookoa.

Lakini silaha hii yahitaji kutunzwa, na onyo limetoka kwetu wenyewe. Mwaka 2022 wataalamu waliwafuata watoto wagonjwa katika zahanati ya Bukangara, wilaya hii hii ya Karagwe, wakakuta kwamba dawa mseto bado inaponya, illa katika baadhi ya watoto vijidudu hukawia kutoka damuni, kwa kuwa vimeanza kujizoeza. Mzazi anayempa mtoto vidonge siku ya kwanza na kuvificha vilivyobaki kwa ajili ya homa ijayo, anakilea kijidudu na kukifundisha vita. Dozi imalizwe.

Habasoda na Tamaa za Sokoni

Wasomaji wetu wengi hutumia habasoda, nayo ina heshima yake katika nyumba za Kiislamu. Huko Mashhad, nchini Iran, wataalamu wawili walieleza mwaka 2004 kwamba kiini cha habasoda, kikidungwa katika panya, kilichelewesha mtukutiko ulioletwa kwa dawa. Vitu vingine vingi vyenye kuzima cheche za oksijeni vimejaribiwa katika panya na kuonyesha manufaa. Lakini tokea panya hata mtoto ni safari ndefu, na dawa nyingi hupotea njiani. Hata sasa hakuna mafuta, unga wala kidonge cha namna hiyo kilichothibitishwa kukata degedege la mtoto mwenye homa. Anayekuuzia chupa sokoni kwa ahadi hiyo anakuuzia habari ya panya kwa bei ya mtoto. Na mafuta yoyote ukimtia mtoto kinywani naye anatukutika, yatashuka mapafuni, si tumboni.

Haki ya Panya

Wapo watakaouliza kama ni halali kumwumiza mnyama kwa ajili ya elimu. Sisi tuliolelewa kwa hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa kwa njaa, haitupasi kulipuuza swali hili. Mnyama huhisi maumivu, na mwenye kumtesa kwa mchezo ana dhambi. Wataalamu nao walilifikiri. Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch wa Uingereza waliandika kanuni tatu ambazo zimekuwa msingi wa kazi hii: asitumiwe mnyama ikiwa iko njia nyingine. Wakitumiwa wawe wachache iwezekanavyo. Na wapunguziwe maumivu kadiri itakavyowezekana. Sharti hizo ni za haki. Na tukizikubali, basi limebaki deni juu yetu: elimu iliyopatikana kwa maumivu ya kiumbe kisichosema haifai kuachwa ikalala vitabuni ilhali watoto wanaangamia kwa kutojua.

Yatupasayo Kufanya

Nimeona kwa macho yangu mtoto akianguka kwa degedege katikati ya watu wazima zaidi ya kumi. Mmoja alikuja na kijiko cha kumpanulia meno, wa pili na maji ya baridi, wa tatu akamshika mikono kwa nguvu. Hata mmoja hakutazama saa. Basi na yahifadhiwe haya:

Kwanza, tazama saa. Wakati wa hofu dakika moja huonekana kama kumi, na tabibu atauliza muda.

Pili, mlaze mtoto ubavu, mahali laini, mbali na moto na vitu vyenye ncha. Mlegezee nguo za shingoni. Usimshike kwa nguvu, wala usimmwagie maji ya baridi.

Tatu, usimtie kitu chochote kinywani: si kijiko, si kidole, si dawa, si maziwa. Hatameza ulimi wake.

Nne, zikipita dakika 5 hajatulia, usingoje. Chukua pikipiki au gari, nenda hali yu vivyo hivyo, akiwa amelazwa ubavu. Hospitalini iko dawa ya kukata mtukutiko, na kadiri inavyokawia ndivyo inavyopungua nguvu.

Tano, likikatika kabla ya hapo, nenda vile vile siku hiyo hiyo, apimwe damu. Akiwa macho kabisa, mama na amnyonyeshe, kwa kuwa sukari yake huenda imeshuka. Asipoamka vizuri, akitukutika tena, akiwa na shingo ngumu, akiwa mweupe viganja au akihema kwa shida, hiyo ni dharura, wala hakuna kusubiri mapambazuko.

Na neno moja kwa akina baba. Mama asilazimike kungoja idhini ya mume aliye safarini, wala kikao cha ukoo. Mpe idhini leo, angali mtoto mzima, na muweke pamoja nauli ya usiku mahali mnapopajua nyote wawili. Katika vijiji vyetu vya vilima na migomba, ambako gari halipiti kila saa, nauli iliyowekwa ni sehemu ya tiba.

Na neno moja kwa vijana. Mwenzenu aliyewahi kupatwa na degedege msimwite mwenye kifafa, wala msimkimbie chuoni kwa kudhani ataambukiza. Degedege haliambukizi. Chandarua kitandikwe kila usiku, kiwe kizima. Na atakayekuwa na saa au simu mkononi siku ya msiba, kazi yake ya kwanza aijue: kuhesabu dakika.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, na atujaalie kuitumia elimu kabla ya wakati wake kupita.